Gharama ya Ghorofa ya Kyandula

Ndunge Mulwa alipopanda ghorofani Kyandula mara ya kwanza, alitarajia kumaliza kazi kabla ya wiki kwisha. Alikuwa na tepu ya kupimia, nyundo ndogo na bisibisi, na kazi yenyewe aliijua. Yeye ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Wakati huo alikuwa na mkataba na Mfuko wa Ukamilishaji, shirika dogo lenye ofisi mjini Kitui, lililotafuta wafadhili wa kumalizia majengo ya umma yaliyokwama. Walimtuma mahali, akapima kilichobaki, milango na madirisha, plasta, mabomba, nyaya za stima, akaweka bei, akajumlisha. Kisha bodi ya Mfuko ikaamua.

Kyandula iko mbele ya Nuu, kwenye nchi kavu ya vichaka na mifugo, na soko lake lina maduka ya Wakamba na ya Wasomali yanayotazamana. Hospitali ya hapo ilikuwa na wadi mbili za zamani na foleni isiyokwisha. Nyuma ya wadi hizo ndiko jengo jipya lilikoanzishwa kwa shangwe nyingi. Mkandarasi aliinua orofa ya chini, akamwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya orofa ya juu, akasimamisha nguzo na kuta za juu. Malipo yakakatika, naye akaondoka na mashine zake. Miaka ikapita, slabu ikiwa wazi kwa jua na kwa mvua chache zilizonyesha.

Aliyempandisha juu alikuwa mkuu wa hospitali, Daktari Kaveke, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa vumbi kama vya mtu wa shamba.

"Huku ndiko thieta itakuwa," alisema, akisimama katikati ya chumba kisicho na paa. "Meza hapa. Taa hapa juu yake. Mama akishindwa kujifungua sasa hivi, madam, namtuma Mwingi. Kwa ambulansi kama iko, kwa pikapu ya mtu kama haiko. Na mimi kupasua najua, nilisomea. Chumba ndicho sina."

"Ni wangapi wanaotumwa?"

"Usiniulize wangapi wanatumwa. Niulize wangapi wanafika vizuri."

Ndunge alimpenda mtu huyo mara moja kwa jinsi alivyozungumza bila kumbembeleza. Aliendelea kupima, mpaka alipofika kwenye nguzo iliyo karibu na ngazi akaona doa la kutu limeteremka ubavuni mwake. Aligusa doa kwa bisibisi ili tu kuona lina kina gani. Bisibisi ikaingia. Akaichomoa, akajaribu pembeni, ikaingia tena, na zege ikamwagika kwenye kiganja chake kama ugali uliokosa maji.

Alikunja tepu, akashuka chini, daktari nyuma yake, akaitazama slabu kwa upande wa tumbo lake. Palikuwa na sehemu ambazo kokoto zilionekana tupu, hazikushikana, na vyuma vilikuwa vimevimba kwa kutu na kusukuma zege nje.

"Daktari," alisema, "siwezi kuendelea kupima."

"Kuna nini?"

"Nimekuja kuhesabu vitu vya kuweka ndani ya hili jengo. Kwanza lazima nijue kama litavibeba."

Kaveke aliitazama slabu, halafu akamtazama yeye. "Hiyo si kazi ya injinia?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nitamwita."

*

Injinia aliyemjua ni Nzioka, waliyesoma naye, na ambaye alikuwa akifanya kazi ya barabara upande wa Mutomo. Alikubali kuja kwa sababu Ndunge hakumwachia nafasi ya kukataa. Alileta mashine ya kutoboa zege na kutoa vipande virefu vya mviringo, ambavyo vingepelekwa maabara Nairobi kuvunjwa ili nguvu yake ijulikane. Mashine ile hunywa maji mengi, na wiki hiyo bomba la hospitali lilikuwa kavu.

Ndipo Ndunge alipomjua Mzee Bile. Bile alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na mwenyekiti wa kamati ya hospitali, mtu wa miaka sitini na kitu, ndevu zimepakwa hina. Alikuja mwenyewe na lori lake la mifugo likiwa limebeba matangi ya maji, akasimama kando akitazama Nzioka akitoboa.

"Dada," alimwambia Ndunge, "mimi nimeona watu wakija hapa kupiga picha. Nimeona wakija kukata utepe. Hii ya kutoboa sijaiona."

"Tunataka kujua zege ina nguvu kiasi gani, mzee."

"Na ikiwa na nguvu, mtamaliza?"

"Ikiwa na nguvu, tutamaliza."

Bile aliitika kwa kichwa na kumwambia dereva wake afungulie maji zaidi. Hakuuliza itakuwaje ikiwa haina.

Baadaye sista mmoja wa wadi alimweleza Ndunge habari ya Ikran, binti ya Bile, ambaye alikuwa na duka la nguo na mama yake, Shamso, mbele ya lango la hospitali. Ikran alikuja kujifungua mtoto wake wa kwanza, mtoto akakaa vibaya, wakampakia kwenye gari kwenda Mwingi. Ikran alirudi baada ya wiki. Mtoto alizikwa hukohuko. Tangu siku hiyo Bile hakukosa mkutano hata mmoja wa kamati, na kila mkutano alisema neno lilelile: limalizeni.

*

Majibu ya maabara yalikuja Ndunge akiwa ofisini Kitui. Nzioka alimpigia simu badala ya kumtumia tu.

"Misingi ni mizuri," alisema. "Nguzo za chini ni nzuri, hata kuta za chini. Huyo jamaa alipoanza alikuwa anafanya kazi. Slabu na kila kitu juu yake hakuna kitu. Nafikiri malipo yalipoanza kuchelewa alipunguza simiti, na maji aliyotumia sijui alitoa wapi."

"Inaweza kutiwa nguvu?"

"Hizo nguzo za juu ukizivalisha chuma zote, na slabu uimwage upya, ndiyo. Lakini wewe ndiye unajua bei."

Aliijua bei. Aliifanyia hesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuipenda. Mfuko ulikuwa umetenga shilingi milioni sitini kwa Kyandula. Kubomoa kibovu, kukijenga upya kama mchoro ulivyosema, na kumalizia jengo zima kungefika karibu milioni mia. Na kanuni ya bodi ilikuwa wazi: jengo likizidi fungu lake, pesa zinahamishiwa jengo jingine.

Msimamizi wa Mfuko, Bwana Mulinge, alimsikiliza akiwa ameegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameyatembelea majengo yale yote mwenyewe na alikuwa akilala vibaya kwa ajili yake.

"Ndunge, nikipeleka hiyo milioni mia, Kyandula imekwisha," alisema. "Unaelewa? Bodi haitasoma ukurasa wa pili. Kuna hospitali nyingine tano zinangoja hizo sitini."

"Naelewa."

"Sasa andika gharama ya kumalizia. Plasta, paa, vifaa. Hiyo ya slabu tuiweke kama matengenezo ya baadaye. Tukishaingia ndani, pesa za matengenezo hutafutwa."

"Tukishaingia ndani ni nani, bwana Mulinge? Ni wagonjwa."

"Limesimama miaka yote hiyo bila kuanguka."

"Limesimama tupu. Hujaweka paa, hujaweka tangi la maji, vitanda, watu. Sahihi ni yangu. Siiweki."

Mulinge akasema wangeongea tena wiki ijayo. Bodi ilikuwa ikikutana mwisho wa mwezi.

Kumweleza Daktari Kaveke kulikuwa kugumu zaidi. Ndunge alisafiri mpaka Kyandula ili asimwambie kwa simu. Walisimama kwenye veranda ya wadi ya wazazi, na ndani mwanamke alikuwa akiugua kwa uchungu wa kuzaa, sauti yake ikipanda na kushuka. Kaveke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia hakuna thieta," alisema.

"Nimekuja kukuambia ghorofa haifai."

"Ni kitu kimoja." Hakupandisha sauti. "Wewe unaogopa jengo ambalo huenda likaanguka siku moja. Mimi nina watu wanaokufa sasa, na hawafi huenda. Andika hizo sitini, madam. Nipe miaka mitano ndani ya hiyo thieta. Ikianza kupasuka nitahama na wagonjwa wangu."

"Zege haitakupa notisi, daktari."

"Wala uchungu wa mama haunipi."

Aliingia ndani kwa yule mwanamke, akamwacha Ndunge pale. Ndunge alirudi kwenye gari akiwa na hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kusema yule daktari alikuwa amekosea.

*

Jumamosi alikwenda nyumbani Tawa. Mama yake, Ndila, alikuwa amevuna ndengu na zilikuwa zimetandazwa uani juu ya turubai. Ndunge alivua viatu, akachukua ungo na kuanza kupeta bila kuombwa. Mama yake alimtazama kidogo akaona afadhali amwache apete.

Simu ya Mulinge iliingia kabla ya chakula. Ndunge aliijibu palepale, ungo ukiwa mapajani.

"Nimepata mkadiriaji mwingine," Mulinge alisema. "Yuko tayari kuangalia hesabu zako. Sitaki kufanya hivyo. Lakini nikifika Jumatano bila makadirio ya sitini, nitampa yeye."

"Mpe na majibu ya maabara," Ndunge akasema. "Yote. Na mimi nitatuma nakala kwa bodi, ili wajue yeye ameyaona."

"Unanitishia?"

"Nakueleza nitakachofanya, ili usije ukasema hukujua."

Simu ilipokatika, Ndila aliuliza bila kuinua macho kwenye ndengu. "Unafukuzwa?"

"Huenda, mwaitu," Ndunge alimjibu mama yake kwa Kikamba.

"Kwa kukataa nini?"

"Kuandika kwamba nyumba mbovu ni nzima."

Ndila alichambua kijiwe kwenye ndengu akakitupa. "Na hiyo nyumba ni mbovu yote?"

"Hapana. Chini ni nzima. Chini hata..." Ndunge akaacha kupeta.

Chini ilikuwa nzima. Alikuwa amelifanyia hesabu jengo ambalo mchoro ulilitaka, halafu akatafuta njia ya kulipa gharama yake. Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba ahesabu jengo ambalo misingi ile ingeweza kulibeba kwa pesa zilizokuwepo. Alisimama, ndengu zikamwagika kwenye turubai, akaingia ndani kutafuta mchoro wa orofa ya chini kwenye mkoba wake wa kazi.

Alasiri yote alikaa kwenye meza ya kulia. Slabu na kuta za juu zibomolewe. Orofa ya chini iezekwe kwa mabati, juu ya mbao, bila mzigo. Ngazi na njia ya mteremko ya kusukumia machela hadi juu, ambazo peke yake zilikuwa zimekula pesa nyingi kwenye mchoro, zinatoka. Tangi la maji linakaa kwenye mnara wake nje. Kilichomshinda ni vyumba. Orofa ya chini ilikuwa imepangwa kuwa ofisi, stoo, duka la dawa na mapokezi, na yeye hakujua thieta inahitaji nini ili iwe thieta. Alimpigia Kaveke. Hakushika. Akampigia tena, hakushika.

"Mtu huyo amekukasirikia?" mama yake akauliza.

"Sana."

"Basi nenda kwake. Simu ya mtu aliyekasirika hata mimi sishiki."

*

Jumatatu asubuhi Kaveke alimkuta Ndunge ndani ya orofa ya chini akifagia mavi ya mbuzi. Alitaka kupita. Ndunge alimnyooshea kipande cha chaki.

"Nichoree thieta yako hapa chini," alisema. "Si ile ya ghorofani. Ile ambayo ukipewa hiki chumba tu, utaweza kupasua ndani yake."

Kaveke aliitazama chaki. "Hapa ni stoo."

"Hapa ndipo panasimama. Juu patabomolewa na hapa pataezekwa. Nikijua unahitaji nini, nitajua kama pesa zinatosha. Nikikisia, nitakukosesha."

Alichukua chaki. Mwanzoni alichora haraka, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba haiwezekani. Meza katikati. Mahali pa mtu wa dawa ya usingizi kichwani pa mgonjwa. Sinki ya kunawia nje ya mlango, si ndani. Kisha akaanza kupunguza mwendo. Alilala sakafuni mwenyewe ili apime, akamwambia Ndunge asimame pale angesimama msaidizi, akaona mkono hautafika kwenye vifaa, akafuta, akachora tena. Alitaka mlango upanuliwe, maana machela na watu wawili wanaokimbia hawapiti pale. Alitaka chumba cha kuchemshia vifaa kiwe upande wa pili wa ukuta, kiwe na kidirisha.

"Huu ukuta unatoka?"

Ndunge aliugonga. "Huu unatoka. Ule haugusiki, unabeba."

"Basi mama akitoka thieta aende wapi?"

"Sema wewe."

Alichora wadi ya wazazi mahali palipokusudiwa ofisi ya msimamizi, chumba cha kujifungulia kikiwa jirani. Ofisi yake mwenyewe aliifuta kabisa. Ilipofika mchana sakafu nzima ilikuwa imejaa mistari, na suruali ya daktari ilikuwa nyeupe magotini. Vitanda vilikuwa vimepungua, nusu ya vile vya mchoro wa kwanza. Wadi ya watoto haikupata nafasi. Kaveke alisimama kwa muda mrefu kwenye kona ambayo ingekuwa ya watoto.

"Hii inaniuma," alisema.

"Hata mimi."

"Ni bei gani?"

"Nitakuambia Jumatano. Lakini nikisema, sitabadilisha."

Ilitoka milioni hamsini na nane, ikiwa ni pamoja na kubomoa. Mulinge aliisoma akiwa amesimama. Aliirudia, akakaa.

"Wafadhili waliahidiwa ghorofa," alisema. "Kwenye picha ni ghorofa. Kwenye lile bango la langoni ni ghorofa."

"Bango linapakwa rangi upya. Nimeiweka kwenye hesabu."

Mulinge alikaribia kucheka. Halafu akasema neno ambalo Ndunge alilitarajia: bodi isingekubali mchoro ubadilishwe bila watumiaji wa hospitali kukubali kwenye mkutano wa wazi. "Uwaambie wewe," alisema. "Uwaambie watu wa Kyandula kwamba umekuja kubomoa. Wakikubali, nitaibeba hii mwenyewe mbele ya bodi."

*

Mkutano ulifanyika kanisani, kwa sababu hakukuwa na ukumbi mwingine mkubwa. Wazee wa Kisomali walikaa mbele upande wa madirisha, akina mama wa kanisa katikati, vijana wa bodaboda wakajaa mlangoni. Mulinge alikaa kwenye kona. Mzee Bile alikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti, kofia yake gotini. Ndunge alikuwa amemweleza siku moja kabla. Bile alimshukuru tu kwa chai akaondoka.

Ndunge alieleza wazi. Alipitisha vipande vya zege vya juu na vya chini, watu wakavishika. Cha juu kilikuwa kikimomonyoka mikononi mwao. Alisema kitakachojengwa na kitakachokosekana, hata wadi ya watoto, na hakupunguza neno.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Mutisya, fundi wa baiskeli sokoni. "Watu wa Nuu watatucheka," alisema. "Miaka yote tunaambiwa ghorofa, ghorofa. Sasa tunaambiwa ibomolewe. Si tuachiwe tu hivyo, pesa nyingine zitakuja."

Wengi waliitikia. Mama mmoja aliuliza nani ataadhibiwa kwa ile simiti iliyopunguzwa, na Ndunge akasema ukweli, kwamba hajui, na kwamba amepeleka majibu ya maabara mahali panapohusika. Hilo halikumridhisha mtu. Daktari Kaveke alisimama akasema yeye ndiye aliyeitaka ghorofa kuliko wote, na kwamba sasa anaomba chini. Walimsikiliza kwa heshima, lakini manung'uniko hayakwisha. Kijana mmoja mlangoni akasema kwa sauti kwamba daktari amenunuliwa.

Ndipo Ikran aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mama yake. Bile aligeuka kwenye kiti chake kana kwamba alitaka kumzuia, kisha asifanye hivyo.

"Mnanijua," Ikran alisema. "Mimi ni wa duka la nguo pale langoni. Siku yangu walinitoa wadi kwa machela, wakanipitisha pale kando ya hiyo ghorofa. Nilikuwa nimelala hivi, naiangalia. Niliiona yote mpaka juu. Haikunisaidia kitu. Nilitaka tu mlango mmoja uwe na mtu ndani. Hata ungekuwa wa bati."

Akakaa. Shamso alimshika mkono. 

Bile alisimama taratibu. "Mimi ndiye nilikuwa nasema limalizeni," alisema. "Kila mkutano. Nilikuwa namaanisha kile kimeanzwa. Sikujua naomba nini." Aliweka kofia kichwani. "Sasa nasema tena limalizeni, lakini la huyu dada. La chini. Anayekubali ainue mkono."

Mikono haikuinuka yote mara moja. Ilianza kwa akina mama, ikaenea. Mutisya alikuwa kati ya wa mwisho, akauinua nusu, kisha akaunyoosha kabisa. Wapo ambao hawakuinua, na Ndunge aliandika idadi yao pia, kwa sababu bodi ilitaka kujua.

*

Mulinge alitimiza neno lake. Aliibeba ile hesabu mwenyewe, na bodi ilimhoji mpaka jasho likamtoka, kama alivyosimulia baadaye. Walikubali baada ya kukata vigae vya sakafu kwenye korido na maegesho ya magari. Vigae vya thieta hawakuvigusa, maana Ndunge alikuwa ameandika kando yake kwamba bila hivyo chumba hakisafishiki.

Kubomoa kulianza wakati wa kiangazi. Watu walikuja kutazama, na wengine waliondoka mapema kwa sababu hawakupenda kuona. Slabu ilishuka kwa urahisi uliowatisha hata wafanyakazi. Nzioka alimpigia Ndunge simu kumwambia kwamba sehemu moja ya juu, pale meza ya upasuaji ilipokusudiwa, vyuma vilikuwa vimekatika ndani kabisa. Ndunge alimwomba asimwambie daktari. Nzioka akasema daktari ndiye aliyemwonyesha.

Makadirio hayakukaa sawa yote. Mbao zilipanda bei katikati ya kazi, na Ndunge alilazimika kurudi kwa Mulinge kueleza, wakagombana tena kwa siku kadhaa. Fundi wa kwanza wa mabomba alifukuzwa. Paa liliwekwa kabla ya mvua ya vuli kwa pupa ambayo Ndunge hakuipenda, akalikagua mwenyewe juu, bati kwa bati, na kuwaamuru waling'oe pembe moja. Bile alileta maji kwa lori lake kila yalipokosekana, na hakutaka kulipwa zaidi ya dizeli.

Mkataba wa Ndunge na Mfuko ulipokwisha, Mulinge aliuongeza bila kusema mengi. Alimtuma Makueni kwenye soko lililokosa paa, kisha kwenye zahanati moja ng'ambo ya Mutomo. Huko ndiko Kaveke alikompigia, miezi michache baada ya jengo kufunguliwa.

"Madam, sinki ya kunawia inarudisha maji," alisema bila salamu. "Ile ya nje ya thieta. Jana niliosha mikono miguu ikiwa kwenye bwawa."

"Bomba la kutolea maji taka limeinama kinyume. Mwambie fundi alifungue kwenye kona ya nje, asivunje ukuta. Uliosha mikono kwa kazi gani?"

"Mama wa huku Nuu. Mapacha, wa kwanza alikuwa ametanguliza mkono. Wote watatu wako wadini. Mmoja ni mdogo sana, nimempa joto, ananyonya. Lakini ile wadi ni ndogo, Ndunge. Nina mama wawili kwenye kitanda kimoja, na watoto wagonjwa bado wako kule kwenye wadi ya zamani, paa linavuja."

"Uliniambia inakuuma."

"Inaniuma. Kwa hiyo nimeongea na Mzee Bile na kamati. Kuna kile kiwanja upande wa kisima. Tunataka wadi ya watoto, ya chini, ya mabati. Tunataka kujua ni pesa ngapi, ile ya ukweli, halafu tuanze kuitafuta."

Ndunge alikuwa amesimama kwenye jua, tepu mkononi, na fundi wa zahanati akimngoja. Aliuliza udongo wa kiwanja kile ukoje, kama ni mweusi wa kupasuka au ni mwekundu. Kaveke hakujua. Akamwambia amtume mtu achimbe mashimo mawili, yafike kiunoni, asiyafukie.

"Nitakuja Alhamisi niyaone," alisema.